Paul Ehrlich, munganga aliyetafuta dawa yenye kujua adui yake

Ukisimama ku milima ya Kanyabayonga na kuangalia chini, upande wa Rwindi na Ziwa Edward, unaona bonde ambalo zamani watu waliliogopa sababu ya ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na nzi ya tsetse. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, na ulifika hata ku bonde la Semliki. Mmoja kati ya watu waliohangaika sana kuutafutia dawa hakufika hata siku moja katika eneo la Maziwa Makubwa. Jina lake ni Paul Ehrlich.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1854 huko Strehlen, mji mdogo uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo ni wa Polandi. Jamaa yake walikuwa Wayahudi. Binamu yake Karl Weigert alikuwa anatia rangi vipande vya mwili ili vionekane vizuri ku mikroskopu, na kijana Ehrlich akapenda sana kazi hiyo. Swali moja likamkamata: kwa nini rangi moja inashika seli hii na kuacha ile iliyo pembeni yake? Basi akawaza kwamba kama rangi inaweza kuchagua, dawa nayo inaweza kuchagua.

Alipata diploma ya unganga 1878. Alipokuwa anachunguza kifua kikuu, ugonjwa ukamkamata yeye mwenyewe, akaenda Misri kutafuta nafuu, akarudi mzima. Baadaye kazi yake juu ya namna mwili unavyojikinga na magonjwa ilimpa tuzo ya Nobel 1908, pamoja na Metchnikoff.

Huko Frankfurt, katika maabara iliyojaa panya, Ehrlich alianza kupigana na trypanosoma, wale vidudu wa jamii moja na wanaoleta ugonjwa wa usingizi. Mwaka wa 1904, yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga waliponyesha panya kwa rangi nyekundu. Lakini kile kilichoponya panya hakikusaidia watu.

Kati ya 1906 na 1907, Robert Koch alikuwa ku visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Victoria, akipiga wagonjwa shindano za atoxyl, dawa yenye arsenic, ni kusema sumu. Wengi walipata nafuu kwa muda, lakini wengine wakawa vipofu. Dawa ilikuwa inapiga mdudu, na inapiga mgonjwa pia. Ehrlich akaona kwamba kazi kubwa ni kuibadilisha kidogo kidogo, mpaka ishike mdudu na kuacha jicho la mtu.

Hapo panya wakamfundisha jambo lingine. Trypanosoma waliopewa dawa kidogo kidogo walizoea, hawakufa tena. Lakini wale wale, ukiwapa dawa ya aina nyingine, walikufa. Kumbe kila dawa ina mahali pake pa kujishikiza ku seli. Mwanasayansi Langley wa Cambridge alikuwa amefikia wazo la karibu na hilo tangu 1905. Mahali hapo panaitwa kipokezi. Ni kama kufuli: funguo usiolingana nayo hautafungua kitu, hata ukitumia nguvu.

Kwa njia hiyo ya kujaribu na kujaribu tena, akiwa na sigara zake nene mkononi karibu siku nzima, Ehrlich alifika ku namba 606. Mwaka wa 1909, Mjapani mwingine, Sahachiro Hata, aliona kwamba 606 inaponyesha kaswende kwa sungura. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa jina la Salvarsan. Ugonjwa wa usingizi wenyewe haukupata dawa nzuri wakati wake. Ehrlich alikufa tarehe 20 mwezi wa nane 1915. Wakati wa utawala wa Hitler, jina lake liliondolewa ku barabara ya Frankfurt kwa sababu alikuwa Myahudi.

Wazo lake la kipokezi lilimpita mbali. Leo linaeleza hata joto la mwili. Panya ni mdogo, joto lake linapotea haraka, njo maana anakula sana ili abaki karibu na digrii 37. Chakula kikikosa na baridi ikizidi, anaweza kushusha joto lake mpaka chini ya 30, akalala kama amekufa, ili asimalize nguvu. Kitu kimoja kinachoweza kumshusha hivyo ni adenosini. Inajishikiza ku kipokezi chake ndani ya bongo, bongo inapunguza kazi ya kutengeneza joto, na moyo unapunguza mwendo. Kahawa nayo inapitia mulemule: kafeini inakaa ku kufuli ya adenosini bila kuifungua. Anayekunywa kahawa ya Lubero ao ya Beni usiku anajua matokeo yake.

Arsenic iliendelea kutumika kwa miaka mingi. Arsobal, iliyotumika Kongo kwa wagonjwa ambao vidudu vimeshafika ku bongo, iliua karibu wagonjwa 5 kwa 100. Ni mwisho wa 2018 tu njo Kongo ilikubali fexinidazole, vidonge vya kumeza siku 10. Panya wa Frankfurt walionyesha pia hatari ambayo haijaisha: vidudu vikipewa dawa nusu nusu, vinazoea. Mtu anayenunua vidonge viwili vitatu sokoni, akaacha akisikia nafuu, anafanya ndani ya mwili wake jambo ambalo Ehrlich aliliona kwa panya miaka zaidi ya 100 iliyopita.