Sophocles: Mtunzi Aliyeutetea Uzee Jukwaani

Sophocles alizaliwa yapata mwaka 496 KK huko Colonus, kitongoji kilichokuwa nje kidogo ya kuta za mji wa Athens, Ugiriki. Baba yake, Sophillus, alikuwa mtu mwenye mali, na kijana huyo akapata malezi na elimu bora. Mnamo 480 KK, Athens na washirika wake walipowashinda Waajemi katika vita vya baharini vya Salamis, inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeliongoza kundi la vijana kuimba wimbo wa ushindi.

Mwaka 468 KK alimshinda Aeschylus, gwiji wa tanzia wa zama hizo, katika mashindano ya tamasha la Dionysus. Alitunga tamthilia zaidi ya 120, ingawa ni saba tu zilizotufikia zikiwa kamili. Aidha, Aristotle anamtaja kuwa ndiye aliyemwongeza mwigizaji wa tatu jukwaani, hatua iliyopanua uwanja wa migogoro baina ya wahusika. Wala hakujitenga na shughuli za umma, kwani aliwahi kuwa jemadari pamoja na Pericles katika vita dhidi ya Samos.

Uzee haukuizima kalamu yake. Mwaka 409 KK, akikaribia umri wa miaka 90, alitwaa tuzo ya kwanza kwa tamthilia ya Philoctetes, inayomhusu mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani na wenzake, ambao walimrudia tu walipouhitaji upinde wake.

Yamkini ni katika miaka hiyo ya mwisho ambapo, kwa mujibu wa masimulizi ya kale, wanawe walimshtaki mahakamani. Cicero, aliyeandika kisa hicho mwaka 44 KK, anaeleza kuwa walidai mzee ameishiwa na akili, hivyo aondolewe usimamizi wa mali. Sophocles hakujitetea kwa hoja za kisheria. Aliwasomea mahakimu sehemu ya tamthilia aliyokuwa ametoka kuitunga, kisha akawauliza iwapo hiyo ilikuwa kazi ya mtu aliyepotewa na fahamu. Mahakimu wakamwachilia.

Wataalamu wengi wanakishuku kisa hiki. Hata hivyo, jambo lenyewe lilifahamika vyema Athens. Sheria iliyonasibishwa na Solon iliwataka watoto wawape wazazi wao chakula na makao, na wawazike kwa heshima. Aliyekiuka aliweza kushtakiwa na raia yeyote, na akipatikana na hatia alipoteza haki zake za uraia. Vilevile, mtu aliyeteuliwa kushika wadhifa mkuu aliulizwa kwanza jinsi anavyowatendea wazazi wake.

Tamthilia inayotajwa katika kisa hicho ni Oedipus huko Colonus. Mfalme wa zamani wa Thebes, sasa kipofu na fukara, anatangatanga huku akiongozwa na bintiye, Antigone. Wanawe wa kiume hawakufanya lolote alipofukuzwa mjini. Utabiri unapotokea kwamba kaburi lake litaikinga nchi itakayolihifadhi, ghafla mzee anatafutwa na kila upande. Oedipus anawakataa wanaoitamani maiti yake ilhali waliudharau uhai wake. Anafia Colonus, chini ya himaya ya Theseus, mtawala aliyempokea kabla ya kumuuliza atamfaidi nini.

Sophocles mwenyewe alifariki mwishoni mwa 406 KK au mwanzoni mwa 405 KK. Mjukuu wake, aliyeitwa pia Sophocles, ndiye aliyeiwasilisha tamthilia hiyo jukwaani mwaka 401 KK. Hivyo, mtunzi aliyedaiwa kushtakiwa na wanawe alitetewa na damu yake mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Oedipus akiwa bado na enzi, kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Huyu wa uzeeni anastahili kujulikana vilevile. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhakikishia mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Hata hivyo, sheria huweza tu kuamuru chakula kipelekwe. Jukwaa humketisha mtoto mbele ya mzazi aliyemsahau, akajiuliza kama anangoja matanga ndipo aonyeshe upendo.