Hata Florence Nightingale alichoka

Ndugu muuguzi, siku uliyokula kiapo ulishika mshumaa. Mimi pia nilishika, nta ikanidondokea kidoleni nikaogopa kupiga kelele. Mshumaa ule ni kumbukumbu ya taa ya Florence Nightingale, na tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ndiyo tunayoadhimisha kila mwaka kama Siku ya Wauguzi Duniani. Kiapo chenyewe hakukiandika yeye. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, Nightingale akiwa bado hai, mwanamke wa miaka zaidi ya 70.

Nataka nikusimulie maisha yake kwa sababu picha ile ya mwanamke mwenye taa inatuumiza. Nazungumza hasa na wewe unayehudumia wagonjwa wa muda mrefu: mzee aliyepooza kwa kiharusi pale Bweri, mtoto mwenye selimundu Bunda, bibi wa Butiama mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichofunga, wazee wa makazi ya Nyabange. Mgonjwa wako hatapona wiki ijayo akuage. Utamkuta kesho, utamkuta mwakani, na siku moja utakuta godoro limeanikwa nje. Ukichoka unajilinganisha na mwanamke wa kwenye picha, ambaye halali. Basi mjue alivyokuwa.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake, Waingereza matajiri, wakiwa safarini. Wakampa jina la mji. Alipokuwa binti alitaka kuuguza wagonjwa na nyumbani wakakataa kwa miaka mingi, kwa sababu enzi hizo kazi ya hospitali ilionekana ya watu wa chini na walevi. Mwaka 1851, tayari ana miaka 31, alipata mafunzo ya miezi 3 huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1853 alipewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake London. Mwaka uliofuata Uingereza ikaingia vita vya Crimea dhidi ya Urusi, habari za askari wanaooza bila huduma zikafika magazetini, na waziri aliyekuwa rafiki yake, Sidney Herbert, akamwomba aende. Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, akiwa na wanawake 38.

Hospitali ya Scutari ilikuwa kambi ya jeshi iliyogeuzwa wodi. Mifereji ya maji machafu chini ya jengo ilikuwa imeziba. Kuhara, kipindupindu na homa inayoletwa na chawa viliua askari wengi kuliko risasi. Mchana Nightingale alipigania sabuni, mashuka na chakula, jioni alizunguka korido za vitanda na taa yake, na usiku wa manane aliandika barua kwa ndugu wa waliokufa. Picha iliyosambaa ilitoka hapo.

Sasa sikiliza jambo ambalo picha hailisemi. Majira yale ya baridi, taa ikizunguka kila usiku, wagonjwa waliendelea kufa kwa maelfu. Vifo vilishuka sana baada ya Machi 1855, ilipofika tume ya usafi kutoka London ikazibua mifereji, ikasafisha chanzo cha maji na kuingiza hewa wodini. Upendo wa wauguzi ulikuwepo tangu Novemba. Kilichokosekana kilikuwa bomba safi la maji taka. Mimi nikilisoma hili huwa nawaza zahanati zetu, muuguzi mmoja, ndoo moja ya maji, na bango la kumhimiza atoe huduma kwa tabasamu.

Mei 1855 alivuka bahari kukagua hospitali za Balaclava, akaanguka kwa homa kali karibu afe. Walimkata nywele zote. Alishauriwa arudi Uingereza akakataa, akaendelea mpaka vita vilipoisha mwaka 1856. Kila kitabu cha shule hulisifu hilo. Mimi silisifu, kwa sababu najua kilichofuata.

Alirudi nyumbani amekonda, chakula kinamchefua, usingizi hauji. Badala ya kupumzika alijitosa kwenye kazi ya tume ya kuchunguza afya ya jeshi. Akiwa na mtaalamu wa takwimu William Farr alihesabu vifo upya, na hesabu zikamwonyesha wazi jinsi uchafu wa hospitali, ikiwemo aliyoisimamia mwenyewe, ulivyoua watu. Agosti 1857 alianguka tena. Wapo wanahistoria wanaosema ujuzi huo ndio uliomvunja. Nani kati yetu hajawahi kulala akimkumbuka mgonjwa aliyekufa kwa kitu ambacho kingezuilika?

Alikuwa na miaka 37. Tangu hapo aliishi kwa miongo mingi chumbani, kitandani au kwenye kochi. Moyo ulimwenda mbio, mgongo ulimuuma hata kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1860 hakuweza kutembea, moyo wake ulizama katika huzuni, na wageni aliwapokea mmoja mmoja maana wawili walimchosha. Mwanamke wa taa alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, kama wale unaowatembelea.

Uchovu wa aina mbili

Baadhi ya watu walisema anajifanya. Mwaka 1995 mtafiti D. A. B. Young alieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba dalili zake zinalingana na bruselosi ya muda mrefu, ambayo bakteria wake hawakujulikana mpaka 1887, David Bruce alipowagundua Malta.

Wewe wa Mara bruselosi unaijua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, pamoja na ya mgando, au kwa kushika kondo na damu ya mnyama anayezaa bila kuvaa glavu. Usiseme wewe ni muuguzi haikuhusu. Wangapi kati yetu tunafuga? Wangapi, tukitembelea mgonjwa kijijini, tunakaribishwa maziwa na tunaona aibu kuyakataa? Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu mzito na huzuni. Hufanana na malaria na taifodi, ndiyo maana watu hunywa dawa za malaria mara tatu bila nafuu. Kama una dalili hizo kwa wiki kadhaa, nenda ukapime, na umweleze daktari habari za maziwa na mifugo bila kusubiri akuulize. Kipimo cha haraka peke yake kinaweza kudanganya, kwa hiyo uliza kama kuna cha kuthibitisha. Matibabu kwa kawaida ni dawa zaidi ya moja kwa wiki 6 au zaidi. Ukiziacha wiki ya pili kwa sababu umepata nafuu, ugonjwa hurudi.

Aina ya pili ya uchovu haina bakteria. Shirika la Afya Duniani linautambua kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linautaja kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi yako au kuidharau, na kuona huna unachofanikisha. La pili ndilo la hatari kwa mgonjwa. Ukianza kumwita mzee kwa namba ya kitanda, ukimgeuza kama gunia, ukiona kidonda cha mgandamizo kinaanza mgongoni ukajisemea utakiangalia kesho, hujawa mtu mbaya. Umeishiwa. Na kama kila siku unaona maisha hayana maana au unawaza kufa, huo si uchovu wa kazi tu: mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili leo.

Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Naamini Nightingale alikuwa navyo.

Aliyechoka huchosha wengine

Sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi sana. Akiwa kitandani aliendelea kuendesha kazi kwa barua na kwa kuwasukuma marafiki. Sidney Herbert, yule waziri, aliugua figo, na mwanzoni mwa 1861 ilikuwa wazi kwamba hawezi tena. Nightingale hakutaka kukubali. Alimbana aendelee na marekebisho ya wizara ya vita. Herbert alikufa Agosti mwaka huo. Sisemi barua zilimuua. Figo ndizo zilizomuua. Nasema mtu aliyejinyima ruhusa ya kuugua hushindwa kumpa mwenzake ruhusa hiyo. Kama wewe ni muuguzi kiongozi, soma tena sentensi hiyo ukiwa na ratiba ya zamu mkononi.

Kisha kuna Agnes Jones. Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi, shule ya uuguzi ya Nightingale ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas', London. (Ni hospitali ileile, ingawa baadaye ilihamia majengo mapya, ambako Mwalimu Nyerere wa Butiama alifariki tarehe 14 Oktoba 1999.) Agnes alisoma pale, na mwaka 1865 akapelekwa Liverpool kusimamia hospitali ya nyumba ya maskini. Hii ndiyo kazi yetu hasa: wazee, waliopooza, wenye vidonda vya miaka, watu wasio na pa kurudi. Alikuwa na wauguzi 12 waliosomea, na wagonjwa zaidi ya 1,000. Alianza kazi alfajiri na kulala usiku sana, siku zote za wiki. Februari 1868 alikufa kwa homa ya chawa. Alikuwa na miaka 35, umri wangu mimi ninayekuandikia.

Kukabidhi zamu

Katika kitabu chake cha ushauri wa kuuguza, kilichotoka mwishoni mwa 1859, Nightingale aliweka sura nzima kuhusu jambo ambalo unaweza kuliona dogo: namna ya kupanga ili unachofanya ukiwepo kifanyike pia usipokuwepo. Aliona kwamba msimamizi anayejivuna kuwa bila yeye mambo hayaendi anajisifia kosa lake mwenyewe. Kwa lugha yetu ya wodini, ni kukabidhi zamu. Yeye mwenyewe alishindwa kulifuata, lakini alilijua.

Nikuambie langu. Kwenye kituo ninachofanyia kazi nilikuwa peke yangu kwenye huduma za wagonjwa majumbani. Kila mgonjwa alikuwa na namba yangu ya simu. Siku moja, baada ya nyumba ya tano na pikipiki kuzimika njiani mara mbili, nilimfokea binti anayemwuguza mama yake aliyepooza kwa sababu hakuwa amemgeuza tangu asubuhi. Binti hakujibu. Alinionyesha mikono yake, imepasuka kwa kufua mashuka. Nilirudi nyumbani viungo vinauma, nikasema basi ni bruselosi, nimepata jibu. Nikapima. Majibu yakatoka safi, na nakiri nilikasirika, maana nilitaka kitu chenye dawa ya wiki 6.

Ikabidi niseme kwa mdomo. Nilimwambia muuguzi kiongozi kwamba nimeanza kuwachukia wagonjwa wangu. Nilidhani atanisema. Alivuta kiti akaniuliza siku gani ya wiki ni nzito kuliko zote. Hakuweza kuongeza mtumishi, hilo lilikuwa nje ya uwezo wake, na sitakudanganya kwamba upungufu uliisha. Alichoweza ni hiki: daftari moja la wagonjwa wote wa majumbani, kila mmoja na ukurasa wake, dawa zake, kidonda kilipofikia, jina la ndugu anayemlea na njia ya kufika. Mwenzangu wa wodi ya ndani akazungukanami wiki mbili mpaka wakamzoea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akapewa nyumba zilizo karibu naye. Jumatano ikawa ofu yangu, na wagonjwa wakapewa namba ya kituo badala ya yangu.

Kwa binti yule nilirudi kuomba radhi, na tukatafuta shangazi wa kumpokea siku mbili kwa wiki. Usimsahau ndugu anayemlea mgonjwa nyumbani, maana yeye hana zamu kabisa.

Ukitaka kuanza, anza na huo ukurasa mmoja wa mgonjwa wako mmoja, uandike kama vile kesho hutakuwepo. Halafu mpe mwenzako ausome mbele yako, uone anakwama wapi.

Nightingale alipata nafuu kiasi uzeeni, akawa anawakaribisha wauguzi vijana nyumbani kwake, kisha macho yakapofuka. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90, usingizini.

Jumatano yangu ya kwanza simu iliita mara moja tu. Mwenzangu aliuliza ufunguo wa sanduku la vifaa uko wapi. Nikamwambia uko juu ya kabati, nikarudi kulala.