Padri Stefano Kaoze, aliyeandika habari za watu wake

Katika siku hizi za yubile tunawakumbuka waliotutangulia.

Maji tunayoyaona hapa Kituku, penye soko na mitumbwi, hayabaki katika ziwa Kivu. Yanateremka kwa mto Ruzizi hata ziwa Tanganyika. Kanisa letu nalo lina udugu na inchi ile. Mwaka 1929 Vikariati ya Kivu ilikatwa katika Vikariati ya Kongo ya Juu, yenye makao Baudouinville, panapoitwa leo Moba. Na mwaka 1959 Goma ikawa diosezi. Kwa hiyo tunamhesabu Padri Stefano Kaoze kati ya wazee wetu, hata kama hakuwa mtu wa Kivu.

Alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika milima ya Marungu, magharibi ya Tanganyika, katika ukoo wa Bena-Kilunga. Inchi ilikuwa ingali na vidonda vya biashara ya watumwa. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Mpala mwaka 1885. Kwao kijana Kaoze alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Stefano, kiisha akaingia seminari iliyoanzishwa na Askofu Victor Roelens. Masomo yalikuwa marefu: Kilatini, filosofia, teolojia. Wazungu wengi hawakusadiki kwamba Mwafrika angeweza kuyamaliza. Wenzake wengine walirudi nyumbani, yeye alivumilia.

Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado kuwaka, Askofu Roelens alimpa upadri pale Baudouinville. Ufalme wa zamani wa Kongo ulikuwa umepata mapadri wake, lakini katika nyakati zetu yeye ndiye Mkongomani wa kwanza. Vita ilipokwisha alimfuata askofu wake Ulaya. Kiisha vita ya pili aliingizwa katika Baraza la Serikali ya Koloni, akaketi pamoja na wakubwa waliozoea kusema juu ya Waafrika pasipo Mwafrika kuwapo. Alifariki mwaka 1951.

Lakini kazi yake nyingine haijulikani sana kwetu, nayo ni kazi ya kalamu. Angali mseminari, katika miaka 1910 na 1911, gazeti La Revue Congolaise la Bruxelles lilitoa maandiko yake kwa Kifaransa juu ya akili na mwenendo wa Wabantu. Anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kutoa maandiko yake kwa lugha ile. Siku zile habari zetu ziliandikwa na askari, wafanyabiashara na wamisionari. Kaoze alionyesha kwamba watu wake wanafikiri, wanapima mema na mabaya, wana hekima yao. Hakusifu kila desturi, maana alikuwa mwana wa misioni; hata hivyo hakukubali wazee wake wahesabiwe kuwa watu wasio na akili.

Aliandika pia historia ya Bena-Kilunga, mambo yaliyokaa katika vinywa vya wazee tu. Wazee wale wamekufa, nayo karatasi imebaki. Wenye elimu waliochunguza historia ya Tanganyika wameitumia, na mwaka 1982 kitabu juu yake kilitolewa Kinshasa, kinachomwita padri wa jana na wa leo.

Sisi watu wa Goma tunafahamu vizuri maana ya jambo hili. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulishukia mji, ukaunguza nyumba nyingi na hata kanisa kuu letu. Ndani ya nyumba zile mlikuwa barua, picha na vyeti vya ubatizo. Kitu kisichoandikwa mahali pawili hupotea mara moja.

Basi, tuulize wazee wetu wangali hai: nani alileta katekisimu ya kwanza, nani alibeba mawe ya kanisa, nani alifundisha watoto chini ya mti. Tuandike majina yao, tuyahifadhi. Na Mungu ampe Padri Stefano pumziko la milele, atupe na sisi uvumilivu wake.