Bill McCracken, beki aliyewachosha washambuliaji hadi sheria ikabadilishwa

Ukimwona mshambuliaji analalamika kwamba hakuotea, ujue wenzake wa zamani walikuwa na shida zaidi. Hadi mwaka 1925, mpira ulipopigwa mbele, mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani watatu, kipa akiwemo, kati yake na mstari wa goli. Leo wanatosha wawili. Bill McCracken wa Ireland ni mmoja wa waliosababisha badiliko hilo.

Alizaliwa Belfast mwaka 1883, akachezea Distillery ya hapo kwao, kisha mwaka 1904 akahamia Newcastle United ya Uingereza. Huko alitwaa ligi mara tatu, 1905, 1907 na 1909, na Kombe la FA mwaka 1910.

Ujanja wake ulikuwa wa hesabu. Timu ilicheza na mabeki wawili na kipa mmoja: hao ndio watatu. McCracken akiona pasi inakuja, alisogea mbele hatua chache tu. Nyuma wakabaki wawili, na mshambuliaji ameshaotea. Mwamuzi asipopuliza filimbi, beki mwenzake bado yuko nyuma kuziba. Jaribu mtego huo leo uone: ukikosea, mshambuliaji anabaki peke yake na kipa. Mashabiki wa ugenini walimzomea, lakini hakuvunja sheria yoyote. Timu nyingine zikaiga, mechi zikajaa filimbi, magoli yakapungua. Sheria ilipobadilishwa, magoli katika ligi ya Uingereza yalipanda kutoka 4,700 hadi 6,373 kwa msimu mmoja.

Lakini kuna jambo lililomgharimu zaidi, nalo halisimuliwi sana. Mwaka 1908, Ireland ikijiandaa kucheza na England, McCracken alidai alipwe sawa na wachezaji wa England. Mimi naona dai lilikuwa la haki: uwanja mmoja, dakika 90 zilezile. Viongozi wa soka wa Ireland walimfungia. Hakuvaa tena jezi ya taifa hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miaka yake bora ikiwa imeshapita.

Mwaka 1923 aliondoka Newcastle kwenda kuifundisha Hull City, na mwaka 1930 akaifikisha nusu fainali ya Kombe la FA. Arsenal waliitoa katika mechi ya marudiano. Baadaye alifundisha Millwall na Aldershot. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 95.