Mwalimu Nyerere na Michezo Iliyosusiwa

Siku ukishuka kutoka Mgeta au Matombo hadi Morogoro mjini, fika Mazimbu. Huko yako makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Je, walifikaje hapa? Soma habari za Mwalimu Julius Nyerere, utajua.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Alifundisha shule, kisha akaongoza TANU tangu ilipoanzishwa mwaka 1954. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Lakini Afrika Kusini, makaburu waliendelea kuwabagua watu weusi. Hata katika michezo, mtu mweusi alinyimwa nafasi katika timu ya taifa. Mwalimu alikwisha kuanza kupinga mambo hayo. Mwaka 1959, akiwa London, aliwaomba watu wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Huko ndiko kususia. Ni silaha isiyo na risasi.

Mwaka 1976 silaha hiyo ilitumika michezoni. Mwezi Juni, polisi wa makaburu waliwaua wanafunzi huko Soweto. Mwezi huohuo, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, nchini Kanada. Haikuondolewa. Tanzania, chini ya Mwalimu, ikasusia michezo hiyo. Nchi nyingine zaidi ya 20 nazo zikasusia.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mkimbiaji wetu, Filbert Bayi, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Watu wengi walingoja kumwona akishindana na John Walker wa New Zealand. Bayi hakukimbia. Walker akachukua medali ya dhahabu.

Wewe mkulima unajua kuwa mvua za msimu zikipita, hazirudi. Nguvu za mkimbiaji ni hivyo hivyo. Serikali iliamua, lakini wanariadha ndio waliolipa. Tukimsifu Mwalimu, tuwakumbuke na wao. Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alipata medali ya fedha.

Baada ya mauaji ya Soweto, vijana wengi walikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, palipokuwa na shamba la mkonge. Wakajenga shule. Leo majengo hayo ni ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mwaka 1994 watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura. Mwalimu aliiona siku hiyo. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini Tanzania ilisusia michezo ya mwaka 1976?
2. Nani alipata hasara? Je, hasara hiyo ilifaa?
3. Ungekuwa wewe ni Bayi, ungesemaje?