Bwana Msa na Mia Mbili Zangu: Maisha ya Muhammad Said Abdulla

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi mlitarajia nimchague Shaaban Robert, maana kila mwaka lazima atokee mtu wa kumchagua Shaaban Robert, na si vibaya. Lakini mimi nimemchagua Muhammad Said Abdulla wa Unguja. Sababu yenyewe ni mia mbili.

Hebu niwaeleze. Muhula wa kwanza lilizuka tangazo la mashindano ya kuandika hadithi fupi. Lilikuwa likipita kwenye simu za watu mtaani kwetu Hamza, kutoka huyu hadi yule, hata sikumbuki ni nani aliyenitumia. Mshindi wa kwanza angepata shilingi elfu hamsini. Elfu hamsini! Nilizihesabu kichwani usiku kucha. Nililipa karo, nikamnunulia mama jiko jipya la kukaangia mandazi, na bado zikabaki za viatu. Sharti lilikuwa moja tu: kila mshiriki atume kiingilio cha shilingi mia mbili kwa nambari fulani. Mama yangu huuza mandazi kando ya Barabara ya Jogoo, na mia mbili kwake ni unga. Alinitazama kwa muda, kisha akafungua kitambaa chake akanipa. Hakuniuliza hata hadithi inahusu nini.

Kumbe wee! Tarehe ya matokeo ilifika ikapita. Nilipopiga ile nambari, simu ilikuwa imezimwa. Baadaye niligundua kwamba darasani mwetu tulikuwa sita tulioliwa, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa aibu.

Nilimwendea mwalimu mlezi wa chama chetu nikamweleza yote. Nilitegemea kukaripiwa. Badala yake aliniuliza maswali matatu. Je, nilijua majaji ni akina nani? Nilikuwa nimewahi kuona kitabu au gazeti lolote lililochapa hadithi ya mshindi wa mwaka uliotangulia? Na kama mtu ana elfu hamsini za kugawa, mbona anazihitaji mia mbili zangu? Sikuwa na jibu hata moja. Basi akatoa kwenye mkoba wake kitabu kilichochakaa, jalada limeshikwa kwa selotepu, akasema nikakisome halafu nimtafute aliyekiandika. Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*.

Nilikisomea katika maktaba ya Makadara kwa siku tatu, maana nyumbani hakuna pa kukaa peke yako. Mtu mwenye mali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu huenda kutambika. Kila mtu ana hofu yake na dhana yake. Halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, na yule Inspekta Seif wa polisi. Bwana Msa hashituki. Anatazama, anauliza, anavuta kiko, anatazama tena. Wanaosoma hadithi za Kiingereza watamkumbuka Sherlock Holmes, na ni kweli wataalamu wengi husema kwamba huko ndiko mwandishi alikopata wazo. Lakini Holmes wa watu hajui mambo ya tambiko wala ya urithi wa mashamba ya Unguja. Bwana Msa ni wetu.

Sasa nije kwa mwenyewe. Muhammad Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Makunduchi ndiko kunakofanywa zile sherehe za Mwaka Kogwa. Watu wa huko wana lahaja yao, Kimakunduchi, ambayo hata Mzanzibari wa mjini huweza kumpiga chenga. Hilo lilinifurahisha sana. Sisi wa Eastlands tunatoka nyumbani na Sheng, tunafika shuleni tunaambiwa hiyo si lugha. Kumbe hata huyu bingwa alitoka mahali ambapo lugha ya nyumbani haikuwa ile ya vitabuni, ingawa Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini. Hakuzaliwa na Kiswahili cha mtihani.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938 akaajiriwa na Idara ya Afya kama mkaguzi. Wengi hulipita jambo hili upesi kwa sababu halina utamu, lakini mimi nimelikalia. Mkaguzi wa afya kazi yake ni nini? Ni kuingia nyua za watu. Anaangalia visima, vyoo, maghala ya vyakula, na watu wanamficha mambo kwa sababu wanaogopa faini. Mtu akifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka kumi, atajifunza kutazama bila kusema, na atajua kwamba aliyekukaribisha kwa maneno matamu huenda ndiye mwenye kisima kichafu. Hayo ni mawazo yangu, sikuyasoma popote. Lakini someni jinsi Bwana Msa anavyoingia nyumba za watu, halafu mnibishie.

Mwaka 1948 akaacha ukaguzi akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa *Al Falaq*, *Al Mahda* na *Afrika Kwetu*. Majina haya kwetu ni majina tu, ila kwa Zanzibar ya wakati huo yalikuwa na moto. *Al Falaq* lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, na *Afrika Kwetu* lilikuwa upande wa Waafrika. Mtu aliyekalia meza za pande zote mbili hizo bila shaka alisikia mengi. Zaidi ya hayo, gazeti halimngojei mtu. Huwezi kumwambia mchapaji kwamba leo huna wazo. Kwa hiyo huyu mzee alikuwa akiandika na kusahihisha siku zote, alipwe tuzo asilipwe, wakati hakuna mtu Nairobi aliyelijua jina lake.

Hapa ndipo Nairobi inapoingia. Mwaka 1948 palianzishwa East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Nairobi. Ninyi mnamjua mtoto wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nafasi yake hapa nchini ilichukuliwa na Kenya Literature Bureau, ndiyo ile KLB iliyo kwenye jalada la vitabu vyenu. Basi Bureau hiyo ya zamani ilitangaza mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, tusijidanganye. Babu zetu wa Kaloleni na Bahati walikuwa bado wanaishi chini ya Hali ya Hatari, ambayo haikwisha hadi mwaka 1960, na hapana shaka ofisi kama hiyo haikuwa ikitafuta hadithi za kuichokoza serikali. Lakini ilikuwa ofisi yenye mlango na jina. Ilikuwa na vitabu ambavyo imekwisha kuvitoa, na mtu angeweza kuvishika mkononi. Maswali matatu ya mwalimu wangu yangepata majibu pale.

Muhammad Said Abdulla alishiriki, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ukapata tuzo ya kwanza. Hesabu umri wake: alikuwa na miaka kama arobaini. Mimi nina miaka kumi na saba, na nilikuwa nimekata tamaa baada ya mashindano mamoja, tena ya uongo!

Nilidhani baada ya kushinda mambo yalimnyookea, akaacha kazi akawa tajiri wa kalamu. Wapi! Mwaka huo huo wa 1958 alianza kazi ya uhariri wa *Mkulima*, gazeti la mambo ya kilimo. Naam, kilimo. Mshindi wa kwanza wa Afrika Mashariki aliamka asubuhi akaenda kuhariri habari za wakulima. Kitabu chake chenyewe kilitoka mwaka 1960, na kazi ya *Mkulima* hakuiacha hadi alipostaafu mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Kitabu chake cha pili, *Kisima cha Giningi*, kilitoka mwaka 1968. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ni miaka minane. Rafiki yangu mmoja tunayekaa naye dawati moja alisema hiyo si kasi, huyo alikuwa amelala. Nikamwambia ahesabu na baada ya hapo. *Duniani Kuna Watu* kilitoka mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, na mzee amekwisha kustaafu! Cha mwisho, *Kosa la Bwana Msa*, kilitoka mwaka 1984, naye akiwa na miaka sitini na sita. Alifariki mwaka 1991. Kwa hiyo Bwana Msa aliyeshinda yale mashindano aliishi vitabuni karibu robo karne. Zile pesa za tuzo, ziwe zilikuwa kiasi gani, sidhani kama zilimaliza mwaka.

Nilipomrudishia mwalimu kitabu, aliniambia kwamba huyo hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mwanafunzi wa Makerere aliandika riwaya kwa ajili ya mashindano ya Bureau hiyo hiyo, na ndiyo iliyokuja kuchapwa mwaka 1965 kwa jina la *The River Between*. Ngũgĩ naye ametutoka mwaka 2025. Halafu kuna Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ambaye mashairi yake ya *Sauti ya Dhiki* aliyatunga akiwa gerezani, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Huyo hakuwa akiandikia tuzo yoyote. Na mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, na jumla ya zawadi zake ilikuwa dola elfu kumi na tano za Marekani. Washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2015. Nilipozigeuza hizo dola kuwa shilingi nilihisi kizunguzungu kile kile cha elfu hamsini, ikabidi nijikanye.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kutafuta. Mashindano siyatafuti tena kwenye ujumbe unaopitapita. Naenda Makadara kila Jumamosi asubuhi, nafungua *Taifa Leo* na magazeti mengine, naangalia kama kuna shirika au wachapishaji wanaotafuta hadithi. Nikipata tangazo nanakili masharti yote kwenye daftari, hata yale ya maandishi madogo. Nataka kujua maneno yasizidi mangapi, mwisho wa kupokea ni lini, na hadithi ikishinda itakuwa mali ya nani. Hili la mwisho mwalimu alilikazia sana, maana kuna mahali unapewa elfu mbili, halafu hadithi yako si yako tena hadi ufe. Pia natafuta kitabu cha mshindi wa awali. Nisipokipata, nafunga daftari. Kufikia sasa nimefunga mara nne.

La tano sikulifunga. Masharti yake yalikuwa wazi, kiingilio hakuna, na mshindi wa mwaka jana nilimsoma kwa macho yangu mawili. Mshindi wa kwanza atapata elfu kumi. Si hamsini, lakini zipo. Hadithi yangu inahusu mwanamke anayeuza mandazi kando ya barabara, ambaye kila siku mtu fulani humlipa kwa noti bandia, naye anataka kumjua bila kumwita polisi. Niliiandika mara tatu. Ya kwanza Bwana Msa aliingia na kiko chake, nikaona haya, nikamtoa. Nikamwachia yule mama afanye uchunguzi mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayezijua sura za wateja wake.

Safari hii mama aliniuliza hadithi inahusu nini. Nikamsomea yote usiku mmoja, stima zikiwa zimepotea, kwa mwanga wa simu yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kuna mahali nimekosea. Mafuta ya mandazi hayapimwi moto kwa kidole. Unatia kipande kidogo cha unga, kikizama hayajawa tayari, kikielea haraka tia mandazi. Nikarekebisha. Asubuhi yake nikaituma.

Matokeo yatatangazwa Novemba, wakati sisi tutakuwa tumefunga shule na jarida hili limekwisha kuchapwa. Kile kitabu cha selotepu sasa anacho Wanjiru wa Kidato cha Pili, na baada yake kuna watu watatu kwenye foleni. Anayetaka kuwa wa nne amwone mwalimu mlezi, lakini aje na selotepu yake.