Robert Koch, daktari wa mji mdogo aliyewafuata vijidudu



Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa la kati aliniuliza swali muda wa kwenda nyumbani, wazazi wameshasimama mlangoni, nikamjibu juu juu tu. Alitaka kujua daktari anatambuaje kijidudu kinachomuumiza mtu, na hali kijidudu chenyewe hakionekani. Swali hilo limenikaa kichwani. Kazini kwangu wodini nachukua makohozi, mkojo na damu karibu kila zamu, naandika jina la mgonjwa kwenye kichupa, napeleka maabara, na baada ya siku kadhaa jibu linarudi na jina la bakteria. Nimeona nijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Nitayasimulia yote, pamoja na yale yaliyotokea kwetu Ziwa Victoria, ambayo vitabu vingi vya watoto huyaruka.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa milimani wenye migodi. Baba yake alifanya kazi katika migodi hiyo, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Alisoma udaktari katika chuo cha Göttingen. Akaoa, akapata binti mmoja, akatumika katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, kisha mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na wagonjwa wake, familia yake na hadubini, ile darubini ya kutazamia vitu vidogo sana.

Ng'ombe na kondoo wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta. Wazazi waliokulia kwa wafugaji wanaujua ugonjwa huu: mnyama anaanguka ghafla, na anayemchuna au kula nyama yake naye anaweza kuugua. Watu wengine walikuwa wameshaona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa. Lakini kuona si kuthibitisha. Huenda vijiti vile ndivyo vilivyoua, au huenda vimejitokeza tu baada ya mnyama kufa, kama nzi wanavyokuja kwenye mzoga. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akamtia panya kwa kijiti cha mbao, panya akafa. Akachukua kutoka kwa huyo, akamtia mwingine, na mwingine tena. Kisha akawaotesha wale bakteria nje ya mwili, ndani ya tone la majimaji ya jicho la ng'ombe. Akawatazama saa kwa saa wakirefuka kama nyuzi, halafu wakitengeneza vitu kama mbegu ngumu. Mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Ndiyo maana malisho yaliyowahi kuua ng'ombe yanaweza kuua tena.

Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake hadi Breslau, kwa profesa Ferdinand Cohn. Cohn alikuwa mtaalamu wa mimea, na alikuwa ameshaanza kuwapanga bakteria kwa maumbo yao: walio duara kama shanga, walio kama vijiti, na waliojipinda. Mpango huo tunautumia hadi leo, ingawa umeongezwa mengi. Cohn alitazama kazi ya yule daktari asiyejulikana, akaichapisha.

Basi Koch akaitwa Berlin mwaka 1880, na huko akakutana na tatizo ambalo kila mpishi atalielewa. Ukiwaotesha bakteria kwenye mchuzi, wote wanachanganyika, na huwezi kusema nani ni nani. Siku moja ukiacha kiazi kilichochemshwa na kukatwa, utaona madoa juu yake, hili jeupe, lile la njano. Kila doa ni ukoo mmoja uliotokana na bakteria mmoja au wachache sana. Koch aliona kwamba anahitaji chakula kigumu, si cha majimaji. Akatumia jelatini, lakini jelatini inayeyuka kwenye joto la mwili, na bakteria wengine huila. Aliyeleta dawa ya tatizo hilo hakuwa profesa. Alikuwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watu waliofanya kazi na Koch, aliyependekeza agari, kitu cha kugandishia vyakula vitamu kinachotokana na mwani. (Wenye asili ya Unguja msikimbilie kudai: mwani unaolimwa Paje na Jambiani hutoa kitu kingine, ingawa ni wa jamii ya karibu.) Baadaye msaidizi mwingine, Julius Petri, akabuni kisahani chenye kifuniko. Kisahani cha Petri na agari ya mama Hesse viko katika maabara ya hospitali yetu leo hii. Agari haikupewa jina la yule mama, na mimi hilo huniudhi kidogo kila nikilikumbuka.

Sasa kifua kikuu. Wakati ule Ulaya kilikuwa kikiua kuliko ugonjwa wowote, na wengi waliamini kinarithiwa katika ukoo. Mjue kwamba imani kama hiyo hata kwetu ipo. Nimewahi kukaa na mama wa Kiswahili aliyeficha kikohozi miezi minne, kwa kuogopa watu watasema ukoo wao una laana na binti zake hawataolewa. Bakteria wa kifua kikuu ni wagumu kuonekana, kwa sababu mwili wao umefunikwa na kitu kama nta na rangi haipenyi. Koch aliwaloweka kwenye rangi ya buluu muda mrefu, akaweka rangi ya kahawia juu, na vijiti vyembamba vya buluu vikajitokeza. Kuwaotesha kulitaka subira zaidi. Bakteria wengine huota kwa usiku mmoja. Hawa walimsubirisha wiki. Tarehe 24 Machi 1882, Berlin, alisimama mbele ya madaktari wenzake, akawaonyesha zaidi ya vioo 200 vya hadubini. Inasemekana alipomaliza hakuna aliyenyoosha mkono kubisha. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ile ambayo kliniki za Tanzania na Kenya hubandika mabango.

Utaratibu wake alioufuata ni huu: umkute kijidudu yuleyule kwa kila mgonjwa wa ugonjwa ule, umtenge na kumwotesha peke yake, umtie mnyama mzima naye augue vivyo hivyo, kisha umpate tena ndani yake. Mwaka 1884 Mdenmark mmoja aliyekuwa Berlin, Hans Christian Gram, akaongeza rangi inayowagawa bakteria wengi katika makundi mawili: wanaobaki zambarau na wanaoishia kuwa waridi. Mara nyingi hilo ndilo jibu la kwanza tunalopigiwa simu wodini, na daktari huanza kuchagua dawa hapo hapo. Koch mwenyewe alikwenda Misri na India, akamtambua bakteria wa kipindupindu, aliyejipinda kama alama ya mkato.

Lakini mwaka 1890 mtu huyu aliyewataka wengine wathibitishe kila kitu alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuwa na uthibitisho, na akaficha ilitengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walikufa. Kilichobaki ni kipimo: mliochomwa sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono, mkaambiwa mrudi baada ya siku mbili au tatu kusomwa uvimbe, hicho ni kitukuu cha dawa ile.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki, ambako alishawahi kufika, safari hii kwa ajili ya malale. Wakati huo kusini mwa koloni la Wajerumani vita vya Majimaji vilikuwa vikiendelea. Koch alianzia Amani, Usambara, kisha akaenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale iliua watu kijiji baada ya kijiji. Ugonjwa huo si wa bakteria, ni wa kimelea kinacholetwa na mbung'o. Aliwachoma wagonjwa zaidi ya 1,000 dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walipata nafuu, kisha kimelea kikarudi kwenye damu. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka kabisa, wasione tena. Aliacha dozi zile kubwa, lakini akaendelea kuisifia dawa yenyewe, na akashauri wagonjwa wakusanywe kwenye kambi mbali na watu wao. Atoksili ikaendelea kutumika kwa Waafrika wa makoloni mbalimbali. Wazee wa Sese waliokwenda kambini kwa mtumbwi hawakuwa na namna ya kuuliza dozi yao imeongezwa kwa nini.

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907, akafa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamewekwa Berlin, ndani ya taasisi inayoitwa kwa jina lake.

Yule mtoto aliyeniuliza, jibu lako la pili liko mezani Jumamosi ijayo. Nitaleta hadubini na rangi ya buluu, tuwatafute bakteria wa maziwa mgando, maana hao hawaumizi mtu. Wazazi, naomba mmoja wenu alete mtindi wa nyumbani usiotiwa sukari, kikombe kimoja kinatosha. Na aliye na kikohozi cha wiki tatu, mtu mzima au mtoto, aje tuzungumze pembeni.